Nyasi za Jirani Aliyevuka Mpaka

Wa kwanza kulalamika alikuwa Mama Makala, na lalamiko lake lilihusu panya. Alifika mlangoni kwetu na gunia la unga wa muhogo lililotobolewa chini, akapitisha kidole kwenye tundu ili nione ukubwa wake. "Mama Mapasa," akaniambia, "hawa panya wanalala kule kwa jirani yenu, halafu wanakuja kula kwangu. Mutafanya nini?"

Kule alikosema ni parseli inayopakana na yetu hapa Mugunga, magharibi ya Goma, mwendo mfupi kutoka barabara ya Sake. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa vitenge. Aliinunua baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, wakati watu wengi wa Goma walipokuwa wakitafuta pa kukaa mbali na njia ya lava. Akajenga msingi wa mawe ya volkano, akamwaga mchanga, akazungusha uzio wa mbao na kuweka sentineli wa kulinda. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, alivuka mpaka na familia yake. Sentineli akabaki akingoja mshahara, na mshahara usipofika, naye akaenda zake. Mvua za Septemba zilikuta parseli haina mtu.

Mgeni akiona mawe yetu meusi hudhani hapa hapaoti kitu. Lakini lava ya zamani ikishapasuka na kushika vumbi na majivu, huotesha kwa nguvu ya kutisha. Mbarika ilitangulia, ikafuatwa na alizeti mwitu, kisha matete yakapanda mpaka yakampita mtu mzima kimo. Uzio ulikwenda ubao kwa ubao, kwa maana makala, yaani mkaa, yamepanda bei na ubao mkavu unaivisha maharagwe. Ulipokwisha, kila mwenye shida yake alipata njia: wa kumwaga takataka, wa kujisaidia usiku, wa kukimbia na simu aliyompokonya mpita njia.

Baada ya Mama Makala akaja Papa Seremala, aliyesikia nyayo kule ndani usiku wa manane. Kisha wazazi wa mtaa wa chini, ambao binti zao hupita pale wakitoka kuchota maji ziwani na bidoni mgongoni. Kisha mbu. Kila aliyekuja alikuja kwetu, kwa sababu mwenye mali hayupo na ukuta wetu ndio unaogusa nyasi zake. Nikajikuta napokea mashtaka ya kiwanja ambacho sina hata unyayo wangu ndani yake.

Hata hivyo, nyumbani kwetu kwenyewe hatukuwa na neno moja. Mume wangu, Papa Mapasa, alitaka kila kitu kikatwe hadi kwenye jiwe. Mama yake, ambaye sote tunamwita Koko, aliogopa nyoka, na kulikuwa na jambo jingine alilokuwa akilizunguka bila kulisema wazi. "Ile parseli ina bonde," alirudia kila jioni. "Zamani tulikuwa hatupiti pale asubuhi." Watoto wetu mapacha nao hawakutaka kusikia habari ya panga. Wana simbilisi, na simbilisi hula majani mchana kutwa.

Niwaeleze wasomaji walio mbali na Kivu. Huku kwetu simbilisi ni mfugo wa mtoto na wa mwanamke. Huzaa upesi, hulala jikoni karibu na joto, hawahitaji shamba wala zizi. Mtoto mwenye simbilisi wachache anaweza kuuza mmoja akanunua daftari, na Noeli nyama haikosekani. Katika mji ambao benki zilifunga milango vita vilipoingia, na pesa ya kushika mkononi ikawa ya kutafutwa kwa jasho, wanyama wale wadogo ni akiba ya kweli. Majani yao yalitoka kwa jirani, bure, hatua chache kutoka jikoni. Na mimi nilikuwa nachuma lengalenga pale pembeni na kuanika nguo kwenye msingi wake. Kwa hiyo nilipomwambia Mama Makala kwamba nyasi zile si zetu, nilisema kweli, na alinijibu kwa kweli pia: "Si zenu, lakini zinawalisha."

Papa Avenyi, mkubwa wa barabara yetu, aliita mkutano uani kwetu. Walikuja wengi kuliko viti. Kila mmoja alitoa lake, na sauti zilipopanda, Papa Seremala akapendekeza mambo yaishe kwa kiberiti kimoja. Papa Avenyi alikataa palepale, na hapo namsifu. Nyumba zetu ni za mbao, zimekaa bega kwa bega, na upepo wa ziwa hauombi ruhusa. Uamuzi ukawa kwamba Jumamosi tutafanya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kila kaya itoe mtu mmoja na panga, na nyumba inayopakana itangulie. Nyumba inayopakana ni sisi.

Kabla ya Jumamosi, nilimtumia mwenye parseli ujumbe wa sauti. Nilimsalimu, nikamuulizia watoto, nikampa pole ya ugenini, kisha nikamweleza panya, wezi na mbu. Jibu lake lilikuja usiku, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mama Mapasa, nakuomba, musikate kitu. Mukikata leo, kesho mtu atakuja kulima. Akilima, keshokutwa atasema ni kwake. Acha nyasi zilinde."

Papa Mapasa alikasirika. Mimi sikukasirika, kwa sababu maneno yale yana msingi, na hapa ndipo pagumu penyewe pa jambo hili. Sheria ya ardhi ya Kongo, ile ya 20 Julai 1973, inasema ardhi ni mali ya Serikali na haiuzwi kamwe. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huambatana na sharti la kuiendeleza: kujenga, kulima, kuweka kitu kinachoonekana. Sharti lenyewe ni zuri, lilitungwa ili watu wasihodhi viwanja bure. Lakini katika mji ambao watu wamekimbia mara nyingi kiasi hiki, limezaa desturi mbaya. Anayeonekana akisafisha kiwanja huhesabiwa kuwa anakidai. Jirani mwema akishika panga, mtaa mzima unajiuliza ana nia gani. Na mwenye mali aliye mbali, asiye na mtu wa kumwamini, huona heri pori lisimame badala yake.

Kwa hiyo malalamiko tunayopeana kuhusu vichaka, mara nyingi huwa ya hofu mbili zinazotazamana. Wa ndani anamwogopa mwizi na mbu. Wa nje anamwogopa wa ndani. Nyasi hukua katikati.

Siku zilezile Mama Makala akapoteza kuku wawili. Sisi tukapoteza dume la simbilisi, lile lenye kipaji cheupe ambalo mapacha walikuwa wameahidi kumuuzia mwalimu wao. Hapo lalamiko likabadilika sura. Nyuma ya nyumba ya Papa Seremala, katika chumba cha mbao, anakaa mama mmoja wa Masisi na watoto wake. Alikuwa kambini hapahapa Mugunga 3 Mei 2024, siku mabomu yalipowaangukia watu waliokuwa wamekimbia vita, na wengi wakafa chini ya mahema yao. Kambi zilipovunjwa Februari 2025, wengine walirudi vijijini. Yeye hakuwa na nyumba ya kurudia, akabaki, anafulia watu nguo. Kuku walipopotea, Mama Makala hakutafuta mbali. Alisimama barabarani akasema kwa sauti kwamba tangu watu fulani wahamie hapa, mfugo haukai.

Yule mama hakujibu. Alianua nguo za watu zikiwa bado mbichi, akaingia ndani na watoto wake. Mpaka leo nikikumbuka kimya kile, moyo unaniuma. Mtu aliyefukuzwa mara tatu hajui tena pa kuanzia kujitetea.

Jumamosi ilifika. Salongo hapa ni desturi ya tangu enzi za Mobutu, na watu wameizoea: saa kumi na mbili asubuhi filimbi inalia, maduka yanafungwa, anayekosa anatozwa amande. Kulikuwa na ukungu mwepesi, jani halitikisiki. Tulijipanga wanaume na wanawake, mapanga na majembe mkononi, Papa Avenyi na daftari lake la majina. Yule mama wa Masisi naye alikuja, akasimama mwisho wa mstari peke yake.

Tulikuwa tumekata hatua chache tu kutoka barabarani wakati mbwa wa Papa Seremala alipotutangulia. Ni mbwa mchangamfu, hukimbilia kila kitu. Aliingia kwenye matete pale ardhi inapoteremka, tukasikia majani yakivunjika, kisha hatukusikia tena. Papa Seremala akapiga mluzi. Akaita kwa jina. Akaweka panga chini na kuanza kuteremka.

Sijawahi kumwona Koko akikimbia, na sikujua kwamba bado anaweza. Alimshika Papa Seremala shati kwa nyuma kwa mikono miwili, akajitupa chini ili uzito wake umzuie. "Mazuku!" alipiga kelele. "Mazuku! Usiiname! Usishuke!" Shati lilipasuka mgongoni, lakini mtu alibaki juu.

Neno hilo hapa halihitaji tafsiri. Mstari wote ulirudi nyuma. Papa Mapasa alichukua mti mrefu, akafunga kitambaa nchani, akakitia mafuta ya taa na kukiwasha. Akasimama juu kabisa ya mteremko na kuuteremsha moto polepole kwenye bonde. Uliwaka vizuri, ukashuka, ukashuka, kisha ulipofika kama urefu wa kiuno kutoka chini ukazimika kabisa, moshi ukalala kwa ubapa badala ya kupanda. Akauwasha tena, ukazimika palepale. Kisha kwa mti uleule akasukuma matete kando, na tukaona. Mbwa alikuwa amelala ubavu. Karibu naye kuku wawili wa Mama Makala, manyoya hayajachafuka. Mbele kidogo mijusi, ndege mmoja mdogo, na simbilisi wetu mwenye kipaji cheupe. Hakuna aliyekuwa na jeraha wala tone la damu.

Mapacha walikuwa wamesimama nyuma yangu na kapu lao la majani. Walikuwa wanaingia mle kila siku wakitoka shule, adhuhuri, jua likiwa kali. Saa hiyo ndiyo iliyowaponya.

Wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kilichoanzishwa mwaka 1986, wameieleza hali hii ya mazuku kwa miaka mingi, na ni vizuri kila mzazi wa Mugunga aielewe kama anavyoelewa kuchemsha maji wakati wa kipindupindu. Karibu nasi kuna volkano mbili zilizo hai, Nyiragongo na Nyamulagira. Hewa ya kaboni dioksidi inatoka kwenye kina, inapanda kupitia nyufa za lava na kutokea juu ardhini. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutafuta mabonde na mashimo na kulala humo kama maji. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, shimo hujaa. Jua likipasha ardhi joto na upepo ukianza, nyingi hutawanyika, na mahali palepale panaweza kuonekana pa salama. Palipo na hewa nyingi, mtu hupumua mara chache tu, anaanguka, na akishaanguka ndio amefika ilipo nzito zaidi. Hewa ya aina hiyohiyo ndiyo iliyofumuka ghafla kutoka Ziwa Nyos kule Kameruni 21 Agosti 1986 ikaua zaidi ya watu 1,700 usiku mmoja. Ziwa letu wenyewe, Kivu, limebeba kilindini kiasi kikubwa mno cha hewa hiyo, pamoja na methani. Sehemu za magharibi ya Goma, kuanzia ufukweni hadi Bulengo, Lac Vert na hapa kwetu, ndizo zenye mazuku mengi.

Niongeze jambo moja kuhusu ule moto wa Papa Mapasa, maana nimesikia watu wakiusimulia kana kwamba ni kipimo cha kutegemea. Ukizimika, kimbia. Lakini usipozimika, usidhani pana usalama, kwa sababu hewa hiyo humdhuru mtu kabla haijatosha kuzima moto. Na anayeshuka kumwokoa aliyeanguka humfuata. Hilo Koko alilijua tangu zamani. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipojaa Mugunga mpaka ufukweni, alikuwa anauza ndizi kandokando ya barabara, na wenyeji waliwaonyesha wageni mabonde ya kuepuka kulala. Wakimbizi waliporudi kwao Novemba 1996, pori likarudi. Baadaye zikaja kambi za wakimbizi wa ndani, kisha nyumba, kisha parseli zilizopimwa kwa kamba na kuuzwa kwa watu wasiokuwepo siku ambazo mabonde yalikuwa na majina. Bonde lile likaingia katika mauzo bila mtu kulitaja.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa pori letu. Panya ni kero, mwizi ni hatari, lakini matete yalikuwa yamefunika mdomo wa shimo. Mahali ambapo mtu yeyote angeona ardhi inateremka na kujiuliza, sasa aliona ukuta wa kijani uliosawazika juu. Alizeti mwitu zilikuwa zimechanua hadi ukingoni, njano tupu, mtoto gani asingeingia?

Salongo ile haikuendelea asubuhi. Papa Avenyi aliisogeza hadi saa sita, jua likiwa utosini na upepo ukivuma kutoka ziwani. Tulikata sehemu ya juu yote, na ukingo tuliukata kwa miti mirefu yenye panga lililofungwa nchani, bila mtu kushuka. Kisha tukazungusha mawe, mawe hatukosi, mpaka yakafika kimo cha paja la mtoto, na juu yake tukasimika mti wenye kitambaa chekundu. Mbwa na kuku tuliwaacha mlemle. Papa Seremala alitaka kumzika mbwa wake, na tulimkatalia wote kwa sauti moja.

Mama Makala alikata nyasi hadi mwisho bila kusema neno. Jioni alikwenda nyuma ya nyumba ya Papa Seremala na gunia la makala kichwani. Alikaa ndani ya kile chumba muda mrefu. Walichoambiana ni chao. Ninachojua ni kwamba Jumatatu yule mama wa Masisi aliamkia barabarani akiuza unga mezani kwa Mama Makala, na tangu siku hiyo wanauza pamoja.

Ilibaki kazi ya mwenye parseli. Papa Mapasa alikaa na Papa Avenyi wakaandika karatasi. Ilisema kwamba majirani wamekata nyasi kwa ajili ya usalama; kwamba hakuna aliyepanda kitu wala atakayepanda; kwamba msingi, mchanga uliosalia na mipaka ni vya mwenyewe; na kwamba kukata nyasi hakumpi mtu haki yoyote juu ya ardhi ile. Mashahidi watano walitia saini, Koko akaweka dole gumba. Tukaipiga picha, tukapiga na picha ya shimo na mbwa, tukamtumia.

Safari hii hakutuma sauti. Alipiga simu yenyewe. Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama watoto wangu ni wazima. Nikamwambia ni wazima. Akasema alikuwa amepanga kujenga chumba cha watoto wake upande uleule, kwenye bonde, kwa sababu ndio uliokuwa na udongo laini. Siku iliyofuata alituma pesa kwa simu, za kumlipa kijana atakayekata nyasi kila mwisho wa mwezi, na akamwomba Papa Avenyi aiweke karatasi ile katika daftari la barabara.

Mapacha sasa wanakata majani ya simbilisi upande wa juu tu, jua likishapanda, wawili pamoja, mmoja akikata na mwingine akiwa amesimama. Mtaani kwetu tumeanza kupita parseli baada ya parseli tukiuliza wazee mabonde yako wapi, na tayari mawe yamezungushwa mahali pengine pawili. Wazee hao hawatakuwepo daima. Koko mwenyewe amepita miaka sabini.

Wewe uliyeacha parseli Mugunga, uwe Gisenyi, Bukavu, Kampala, Kinshasa au ng'ambo, hatuna haja ya kukunyang'anya. Mpigie simu jirani yako wiki hii. Mwandikie karatasi mbele ya mkubwa wa barabara, mtaje kwa jina mtu wa kukata nyasi zako, na umuulize mzee wa karibu kama pana bonde. Na wewe jirani, hata kabla karatasi haijafika, zungusha mawe.